Maswali ya Wasomaji: Asiyeamini na Haki Zake Mbele ya Sheria

Kati ya barua zilizofika mezani mwezi huu, nne zimetoka Tanga na Pangani, na zote, kila moja kwa njia yake, zinamhusu mtu asiyeamini kuwepo kwa Mungu. Nimezipunguza urefu na kuondoa kila kitu ambacho kingewatambulisha walioziandika. Wasomaji wajue pia kwamba anayejibu hapa ni Mwislamu anayeswali na kufunga. Sioni sababu ya kulificha hilo, maana swali lililopo ni kama mtu anaweza kulazimishwa au kuadhibiwa katika jambo la imani, na hilo linamhusu anayeswali sawasawa na asiyeswali.

SWALI: Mheshimiwa mjibu maswali, salaam nyingi. Mimi ni kijana wa miaka 34, mzaliwa wa Ngamiani, karani wa ghala katika kampuni moja binafsi hapa mjini. Nimesoma madrasa hadi nikakhitimu, lakini kwa miaka kadhaa sasa siamini tena kwamba kuna Mungu. Sijamhubiria mtu. Usiku mmoja wa Ramadhani, kijiweni kwa muuza kahawa, mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu mbona sionekani kwenye tarawehe, nikamjibu kwa adabu kwamba moyo wangu haupo huko tena. Kesho yake habari ilikuwa imeshafika kazini. Meneja wetu huanza kila asubuhi kwa dua na kuwataka wafanyakazi wote waitikie. Aliniambia kwamba mtu asiyemwogopa Mungu hakabidhiwi funguo za ghala, akanihamishia kwenye upakiaji wa mizigo na mshahara ukapunguzwa. Yule mzee naye anasema atanifikisha polisi kwa kukufuru. Je, kutoamini ni kosa la jinai? Na meneja ana haki ya kunifanyia hivyo? – Karani, Ngamiani.

JIBU: Ndugu Karani, tuanze na la polisi, kwa kuwa ndilo linalokunyima usingizi. Katika sheria za Tanzania Bara hakuna kosa la jinai la kutoamini, wala la kuritadi, yaani kuacha dini, wala la kutoonekana kwenye tarawehe. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake, na inaendelea kusema kwamba kutangaza dini na kufanya ibada ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Kilicho cha hiari hufanywa na huachwa. Yupo atakayesema kwamba ibara hiyo haimtaji asiyeamini kwa jina, na ni kweli haimtaji. Lakini mwaka 1976 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilifafanua mwaka 1993 kwamba uhuru huo unawalinda wenye kumwamini Mungu, wasiomwamini, na hata wale wasiotaka kuwa na dini yoyote.

Kinachowachanganya watu, na pengine kilichomchanganya mzee wako, ni kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomtia hatiani mtu anayetamka maneno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mwenzake. Kifungu hicho kimeshapimwa mahakamani, na kesi iliyokipima inafaa kusimuliwa. Mhubiri mmoja wa Kiislamu alishtakiwa mkoani Morogoro kwa kutamka hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Waliokuwa karibu waliudhika, akakamatwa, akatiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo. Suala lilipanda hadi Mahakama ya Rufani, nayo mwaka 2003 ikaifuta hatia hiyo, kwa hoja kwamba kutamka kile ambacho dini yako inakufundisha, hata kama kinawakera wa dini nyingine, hakuwi kosa mpaka ithibitike kwamba msemaji alikusudia kuumiza. Zingatia kwamba aliyeokolewa na hukumu ile alikuwa muumini, tena mhubiri. Ikiwa Mwislamu anaweza kusema mbele ya Wakristo kwamba Yesu si mwana wa Mungu, na Mkristo akasema mbele ya Waislamu kwamba ni mwana wa Mungu, sioni ni kwa mantiki gani mtu wa tatu, aliyeulizwa na akajibu kwa utaratibu kwamba moyo wake haupo huko, atahesabiwa mhalifu.

Mpaka hata hivyo upo. Kwenda mlangoni mwa msikiti wakati wa sala ukapiga kelele za kejeli ni kosa jingine kabisa, kwani sheria hiyohiyo inalinda mikusanyiko ya ibada isivurugwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo imekataza kumtukana mtu kwa njia ya kompyuta kwa sababu ya dini yake, na simu yako ya mkononi imo katika maana hiyo. Nalitaja hili kwa sababu vijana wengi wanaoanza kuacha dini hupitia kipindi cha kutuma vibonzo vya dhihaka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Wewe hujafanya hivyo, na nakusihi usianze.

Sasa la kazini, ambako nadhani una hoja nzito kuliko unavyofikiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa mzunguko, kwa misingi kadhaa ambayo dini ni mmojawapo, na ubaguzi huo unahusu kuajiri, kupandisha cheo, mshahara na masharti ya kazi vilevile. Meneja anaweza kuomba dua. Ofisi nyingi za mjini huanza hivyo na wala si jambo baya. Anachokosea ni kuufanya mwitikio wa dua kuwa kipimo cha nani anafaa kushika funguo. Kingekuwa cheo chako ni mwalimu wa madrasa au katekista, mwajiri angeweza kusema kwamba imani ni sifa ya lazima ya kazi yenyewe, na sheria ingemsikiliza. Kuhesabu magunia na kutia saini hati za kupokelea mizigo hakuhitaji kutamka shahada wala kubatizwa. Na kuhusu uaminifu, niruhusu niseme la pembeni: mahakama zetu zimesikiliza kesi za kutosha za watunza hazina waliokula fedha za misikiti na za makanisa, na sidhani kama kuna aliyeajiriwa bila kwanza kujulikana kwamba ni mcha Mungu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwandikie meneja barua fupi, isiyo na hasira, ukiomba akueleze kwa maandishi sababu ya kukuhamisha na kukupunguzia mshahara. Tunza nakala, tunza hati za mshahara za kabla na za baada, na andika tarehe ya kila mazungumzo pamoja na majina ya waliokuwepo. Akikataa kulirekebisha jambo hilo, peleka lalamiko katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kujaza fomu inayotolewa huko. Usikae na jambo hili kwa matumaini kwamba litajimaliza, kwa sababu lalamiko lisilohusu kuachishwa kazi linatakiwa lifike ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, na la kuachishwa kazi ni siku 30 tu. Baada ya hapo utalazimika kwanza kuomba ruhusa ya kuchelewa na kuitolea sababu.

Yule mzee usimwendee na vifungu vya sheria. Mtafute mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, mjomba wako au jirani wa siku nyingi, akakae naye faragha na kumweleza kwamba hukukusudia kumvunjia heshima. Na kuanzia sasa jua kwamba haki ya kutoamini inakuja na haki ya kunyamaza: si kila anayekuuliza kijiweni anadai jibu, na "tuombeane heri, mzee wangu" ni kauli ambayo hata asiyeomba anaweza kuitamka bila kumdanganya mtu.

SWALI: Assalaam aleikum. Tumeoana mimi na mume wangu kwa ndoa ya Kiislamu, mwaka wa tisa huu, na tuna watoto wawili. Yeye ni fundi baiskeli hapa Makorora. Mwaka jana aliniambia, mlango ukiwa umefungwa, kwamba haamini tena. Sikumwambia mtu, lakini mambo haya hayafichiki, na sasa shangazi zangu wanasema ndoa imekatika yenyewe na kila usiku ninaokaa naye ni zinaa. Mume wangu hanipigi, halewi, ada za watoto analipa, na kila jioni huwapakia mwenyewe kwenye baiskeli akawapeleka madrasa kwa sababu mimi nimemwomba, kisha huwasubiri nje chini ya mwarobaini hadi watoke. Je, kwa serikali mimi bado ni mke wake? Na akifa leo, mimi na watoto tutarithi? – Mama wa Wawili, Makorora.

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Swali lako lina matabaka mawili, na shangazi zako wameyachanganya.

Kwa sheria ya nchi, wewe ni mke wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba ndoa ikishafungwa kihalali huendelea kuwepo mpaka mmoja afariki au mahakama itoe amri ya kuivunja au kuibatilisha. Haivunjwi na maneno ya jirani, wala haivunjiki kimyakimya mtu anapobadili mawazo yake usiku. Sheria hiyo imeligusa jambo lako kwa namna ambayo wengi hawaijui: kifungu cha 107, kinachotaja mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kama ushahidi kwamba ndoa imeharibika kiasi cha kutorekebishika, kimeorodhesha pia kubadili dini kwa mwanandoa mmoja, iwapo wawili hao walikuwa wa dini moja walipooana na iwapo sheria za dini hiyo zinahesabu badiliko hilo kuwa ni sababu ya kuivunja ndoa. Maana yake ni kwamba mlango upo, nao hufunguliwa na mwanandoa. Ukitaka kuondoka, utapita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahakamani, na jambo hili utaruhusiwa kulitaja. Usipotaka kuondoka, hakuna shangazi, imamu wala mwenyekiti wa mtaa anayeweza kukufungulia mlango huo kwa niaba yako na kukusukuma utoke.

Tabaka la pili ni la fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, na huko sitajifanya mufti. Nitasema tu linalofahamika: wanazuoni wamelijadili kwa kirefu suala la mume kuritadi, na katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, ndoa iliyokwisha kukamilika haihesabiwi kuwa imekatika papo hapo, bali husubiriwa eda ipite, akirejea ndani yake ndoa ibaki. Umesema mwaka umepita, kwa hiyo sheikh utakayemwuliza huenda akakupa jibu zito kulisikia, na ni haki yako kulisikia kutoka kwa msomi uliyemchagua mwenyewe, mkiwa peke yenu. Mwulize pia tofauti kati ya mtu aliyekana na mtu mwenye shaka, kwa sababu mume wako anaweza kuwa mmoja au mwingine na mimi sikuwepo mlango ulipofungwa. Fahamu tu kwamba huku Bara, tofauti na Zanzibar, hatuna mahakama ya kadhi yenye nguvu ya dola. Jibu la sheikh litaifunga dhamiri yako kwa kadiri utakavyokubali likufunge. Askari hataletwa kulitekeleza.

Kwenye mirathi ndiko ninakokuomba usichelewe. Mirathi huku Bara haina sheria moja. Ipo ya kimila, ipo ya Kiislamu, na ipo ile sheria kongwe ya mwaka 1865 iliyotokana na India. Mahakama, ili iamue itumie ipi, hutazama namna marehemu alivyoishi na nia aliyoionyesha. Mtu aliyezaliwa katika Uislamu, akaoa kwa Kiislamu, kisha akafa bila imani na bila andiko, anawaachia wake zake na ndugu zake ugomvi wa miaka: mmoja atasema aliishi Kiislamu, mwingine atasema alitoka, na kwa kuwa fiqhi haimrithishi Mwislamu kwa asiye Mwislamu, hoja hiyohiyo ya kutoka inaweza kutumiwa na ndugu kukuondoa wewe na watoto kwenye nyumba. Nimeshaona kwa macho yangu jinsi ndugu waliokuwa hawajali dini ya mtu alipokuwa hai wanavyoikumbuka siku ya arobaini. Mwambie mume wako aandike wosia ulio wazi, aeleze ndani yake ni sheria ipi anataka itumike, autie saini mbele ya mashahidi, na ikiwezekana auhifadhi kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Aseme pia anavyotaka kuzikwa, na amwambie mtu mwenye nguvu ya kusimama siku hiyo, kwa sababu asiyesema huzikwa kwa taratibu za waliobaki. Fundi baiskeli anayewasubiri wanawe nje ya madrasa kila jioni hatashindwa kukaa saa moja kuandika karatasi mbili.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee wa Chumbageni, Mwanglikana niliyebatizwa Magila. Ninasikitika kuona magazeti yanawapigania watu wasiomcha Mungu. Wimbo wetu wa Taifa unaanza kwa kumwomba Mungu. Ukiwapa hawa uhuru, kesho watadai vipindi vya dini vifutwe shuleni, kengele na adhana zinyamazishwe. Wao mmewapata ninyi wa kuwatetea. Sisi nani atatutetea? – Mzee, Chumbageni.

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Hofu yako si ya kudharauliwa, nami nitaijibu kwa historia ya hapahapa kwetu, kwa sababu hofu hiyo inadhani kwamba serikali ikipewa nguvu juu ya imani itazielekeza daima kwa yule usiyempenda.

Mwaka 1908, Wajerumani wakitawala, ilienea huku pwani, hasa upande wa Lindi, barua iliyodaiwa kutoka Makka ikiwahimiza Waislamu kutubu na kushika ibada. Ilikuwa barua ya dini. Watawala waliona ndani yake uasi, vita vya Majimaji vikiwa havijasahaulika, wakawafuatilia na kuwakamata walimu wa dini. Wakoloni wakaondoka, lakini tabia ile haikuondoka nao yote. Mwaka 1965 serikali ya Tanzania huru iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova, ambao ni watu wa Biblia kuliko wengi wetu, na hawakuruhusiwa tena rasmi mpaka mwaka 1987. Mwaka 1968 ikaivunja Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na mwaka huohuo Bakwata, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikaundwa. Lipo la kubishaniwa kuhusu sababu za kila tukio, na wazee wa Tanga mnayakumbuka mabishano hayo vizuri kuliko mimi. Lisilobishaniwa ni kwamba katika matukio yote matatu walioguswa walikuwa waumini. Asiyeamini, wakati huo, hakuwa na jumuiya ya kufutwa.

Ndiyo maana ulinzi uliopo leo umeandikwa bila kumchagua mtu. Orodha ya haki za binadamu haikuwemo katika Katiba yetu ilipotungwa. Iliingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuisimamia mwaka 1988. Ibara ya 3 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inasema uendeshaji wa jumuiya za dini utakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hata sensa, tangu ile ya mwaka 1967, haimwulizi mtu dini yake. Ibara hiyohiyo inayomzuia mkuu wa wilaya asimlazimishe karani wa Ngamiani kwenda msikitini ndiyo inayomzuia asiingie kanisani kwako kukuchagulia padri. Ukiomba ing'olewe upande mmoja, mzee wangu, ujue haina pande mbili.

Umetaja wimbo wa Taifa, na hapo pana kisa kinachokufaa. Wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova waliadhibiwa shuleni kwa kutouimba, ingawa walisimama kwa heshima wenzao walipouimba. Hawakukataa kwa kumkana Mungu. Walikataa kwa kuwa waliona kuuimba ni ibada isiyomstahili mwingine ila Yeye. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi. Asiyeamini naye, akisimama kimya uwanjani kwa sababu yake, amesimama mahali palepale waliposimama watoto wale.

Kuhusu kengele na adhana, niko upande wako kabisa. Uhuru wa mtu kutoamini haumpi mamlaka ya kuwanyamazisha wanaoamini, na ibara ya 30 ya Katiba inakumbusha kwamba haki za mmoja zisitumiwe kuvunja za mwingine. Mtu asiyeamini anayeniambia kwamba dini zote ni upumbavu na zinafaa kufungiwa namwona sawa na yule anayetaka yeye ndiye afungiwe. Wote wawili wanaitafuta serikali iwafanyie kazi ambayo hoja zao zimeshindwa kuifanya. Kipindi cha dini shuleni kibaki kwa wanaokitaka, na mtoto ambaye mzazi wake hataki asilazimishwe. Sijaona ugumu wowote hapo.

Nawe nikuulize swali moja, kwa heshima. Huko Nigeria, mhandisi mmoja aliyeuacha Uislamu, Mubarak Bala, alikamatwa mjini Kaduna mwaka 2020 kwa maandishi yake ya Facebook, na mwaka 2022 mahakama ya Kano ikamhukumu kifungo cha miaka 24. Rufaa ilikipunguza mwaka 2024, na baadaye akatoka. Ni nani aliyerudi kwenye imani kwa sababu ya miaka ile? Majirani zetu Kenya waliisajili jumuiya ya wasioamini mwaka 2016, wakausitisha usajili mwaka huohuo baada ya viongozi wa dini kulalamika, na jambo likafika mahakamani. Sijasikia kwamba makanisa ya Mombasa yalipoteza waumini jumuiya ilipokuwepo, wala kwamba yaliongeza ilipositishwa. Padri wako wa Magila, yule aliyekubatiza, angekuwa wa kwanza kukuambia kwamba wamisionari walifika huko wakiwa wageni wachache katikati ya watu ambao hawakuamini walichokihubiri, na waliishi kwa kuvumiliwa.

SWALI: Nimeitwa kuwa shahidi katika kesi ya wizi wa injini ya boti, Mahakama ya Wilaya, Pangani. Nasikia karani ataniuliza dini yangu kabla ya kiapo. Mimi sina dini. Nikisema hivyo, ushahidi wangu utatupwa? Nikishika Msahafu kwa kuogopa macho ya watu nitakuwa nimevunja sheria? – Mvuvi, Pangani.

JIBU: Ushahidi wako hautatupwa. Sheria ya Viapo na Matamko imemfikiria mtu wa aina yako waziwazi: anayepinga kuapa kwa sababu hana imani ya dini huruhusiwa kutoa uthibitisho badala ya kiapo, akiahidi kusema kweli bila kumtaja Mungu na bila kushika kitabu. Kwa sheria, uthibitisho huo una uzito uleule wa kiapo, na atakayesema uongo baada ya kuutoa atashtakiwa sawasawa na aliyeapa. Hakimu hapaswi kukuhesabu kuwa shahidi wa daraja la chini. Atakupima kwa ulichokiona, ulivyokieleza na unavyojibu ukihojiwa.

Kushika Msahafu kwa kuwaogopa watu hakutakupeleka jela ikiwa utasema kweli, lakini sikushauri. Wakili wa upande wa pili akilijua jambo hilo atakuuliza mbele ya wote kama unakiamini kitabu ulichokishika, na hapo utakuwa umempa bure kile alichokuwa akikitafuta. Fika mapema, mwone karani wa mahakama kabla shauri halijaitwa, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba huna dini na utathibitisha. Ni jambo la dakika moja. Amezoea kuwathibitisha watu wengi kwa sababu Waislamu huthibitisha pia, na waliokaa ukumbini huenda wasitambue tofauti. Kisha jibu ulichoulizwa tu, na kama hukuiona injini ikishushwa kwenye boti kwa macho yako, bali uliambiwa na wenzako asubuhi yake, sema hivyohivyo.